Neno "Hatari" Humwonya Apitaye Chini, Arukaye Je?

Milingoti mingi ya umeme nchini Kenya imepigiliwa kibati chenye neno moja la Kiswahili: HATARI. Aghalabu huwa na picha ya fuvu la kichwa cha binadamu kwa ajili ya asiyejua kusoma. Kibati hicho hutundikwa kwenye kimo ambacho mtu aliyesimama chini aweza kukiona bila taabu. Humkanya mtoto asipande, na humkanya mwizi wa mafuta ya transfoma, ingawa huyu wa pili ni nadra kusikia. Katika taaluma yetu ya isimu, swali la kwanza tulitoalo kuhusu usemi wowote ni hili: nani asemaye, na nani asemezwaye? Kibati cha HATARI chamsemeza mtu wa miguu. Waya wenyewe, ulioko mita kumi na ushei juu ya kichwa chake, haumwambii neno yule ajaye kutoka upande wa mbinguni.

Swali hili laweza kuonekana la mzaha mpaka mtu asimame gatini Luanda Kotieno. Kwa msomaji ambaye hajafika huko, hii ni ncha ya Uyoma, katika eneo la Rarieda, Kaunti ya Siaya, pale Ghuba ya Winam inapojifungua na kuingia katika Ziwa Victoria lenyewe. Jina lake la Kijaluo lina maana ya mwamba wa kwa Otieno. Feri huvuka kutoka hapo hadi Mbita kwa muda usiotimu saa moja, ilhali kuzunguka kwa barabara kupitia Kisumu na Homa Bay ni safari ya kumchosha mtu. Ng'ambo ya maji ni visiwa vya Rusinga na Mfangano, kila kimoja na kiwanja chake kidogo cha ndege. Ndege ndogo zinazoleta watalii kutoka Maasai Mara hushuka huko, na zinapokaribia kutua huja chini hata wavuvi wa omena wakaweza kusoma herufi zilizoandikwa ubavuni.

Maji hayo yana historia ndefu ya ndege. Katika miaka ya 1930 shirika la Imperial Airways lilileta Kisumu ndege zake za kutua majini, zilizosafirisha barua na abiria kati ya Uingereza na Afrika. Ghuba ilifaa kwa sababu moja iliyo wazi: juu ya maji hapakuwa na mlingoti wala mti. Rubani wa siku hizo alihofia mawimbi, mitumbwi na viboko. Waya haukuwamo katika hesabu yake.

Siku hizi umo. Nasema hivyo kwa furaha, wala si kwa kulalamika. Umeme uliofika katika fuo za Uyoma umewafaa wavuvi wenye mbuta wa kuhifadhiwa kwa barafu, na umewafaa watoto waliokuwa wakisomea koroboi. Kenya nzima twauita umeme "stima", neno lililotokana na meli za mvuke, na huku ziwani meli hizo zilijulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Jina la chombo cha majini limepanda juu ya milingoti, na sasa lapita juu ya vichwa vya wavuvi. Hata neno "waya", mgeni kutoka Kiingereza, tumelipa wingi wa kienyeji "nyaya", kana kwamba lilizaliwa pamoja na "nyayo" na "nyaraka". Kitu tulichokizoea kiasi hicho katika lugha ndicho tusichokiona tena kwa macho.

Na kweli hakionekani. Waya wa umeme wa vijijini una unene wa kidole au chini yake, na rangi yake ya kijivu ndiyo rangi ya anga la ziwani wakati wa ukungu. Mtu aliye chini huuona kwa sababu amesimama, naye hutazama juu kwenye mwangaza. Rubani hutazama kutoka juu au kutoka mbele, na nyuma ya waya pana nyasi, mawe na vichaka. Ndege ndogo ya injini moja iendayo kilomita 180 kwa saa humeza mita 50 kila sekunde. Tuseme rubani ameuona waya ukiwa mita 200 mbele yake, na huo ni ukarimu mkubwa: ana sekunde 4 za kuona, kuelewa, kuamua na kuivuta ndege juu. Ndiyo maana marubani hufundishwa kutafuta nguzo badala ya waya, na wakilazimika kuvuka, wavuke juu ya nguzo, kwa kuwa hapo ndipo kimo cha waya chajulikana. Kati ya nguzo na nguzo waya hulegea, nao hulegea zaidi alasiri ya jua kali kuliko alfajiri. Katika njia kuu za msongo mkubwa pana hila nyingine: juu kabisa ya nyaya nene hupita waya mwembamba wa kukinga radi. Rubani aliyeziona zile nene akapanda kuzikwepa, huweza kunaswa na huo mwembamba.

Lakini mafundisho ya kutafuta nguzo hupungua nguvu kwetu. Nguzo nyingi za vijijini ni mikaratusi, nazo husimikwa kando ya mashamba yaliyozungukwa na mikaratusi iliyo hai. Mti uliokufa umesimama katikati ya ndugu zake walio hai, na rubani atakiwa kuutambua kwa mbali.

Wapo watakaouliza kama jambo hili limewahi kumdhuru mtu, au ni hofu ya msomi aliyekosa kazi. Limewahi, na mkasa wenyewe haukutokea mbali na Luanda Kotieno. Tarehe 24 Januari 2003 serikali ya NARC ilikuwa haijatimiza hata mwezi mmoja madarakani. Mawaziri kadhaa walikuwa wamekwenda Busia kumpongeza mwenzao Moody Awori, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Walipokuwa wakirudi Nairobi, ndege yao aina ya Gulfstream iligonga nyaya za umeme ilipokuwa ikipaa kutoka kiwanja cha Busia, ikaanguka. Waziri wa Leba, Ahmed Mohamed Khalif, alifariki pamoja na marubani wote wawili. Martha Karua, Linah Jebii Kilimo na Raphael Tuju walikuwa miongoni mwa waliotoka hai. Tuju ndiye aliyekuwa mbunge wa Rarieda, yaani mbunge wa Luanda Kotieno.

Inafaa kukumbuka ni nani aliyepotea siku ile. Khalif alikuwa mbunge wa Wajir Magharibi, na alikuwa mmoja wa wachache waliothubutu kulitaja bungeni suala la mauaji ya Wagalla ya Februari 1984 wakati kulitaja kulikuwa na gharama. Mtu aliyeponyoka vitisho vya miaka mingi aliuawa na ajali ya nyaya zinazopeleka taa mjini. Gazetini iliandikwa kwamba ndege iligonga nyaya. Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, nayo humfanya rubani kuwa mtenda na waya kuwa mtendwa asiye na hatia. Hakuna anayeandika kwamba nyaya ziliwekwa karibu na kiwanja, kwa sababu hapo msomaji atauliza: ziliwekwa na nani?

Ndege ile haikuwa miongoni mwa zile ndogo kabisa. Ilikuwa na injini mbili, na ilizoea safari ndefu. Ikiwa chombo cha namna hiyo chaweza kuangushwa na nyaya, seuze kile cha injini moja chenye abiria watatu?

Sheria za kimataifa za usafiri wa angani zasema kwamba ndege irukayo kwa kuongozwa na macho ya rubani isishuke chini ya mita 150 kutoka ardhini, na juu ya miji isishuke chini ya mita 300 kutoka juu ya kizuizi kirefu kilicho karibu. Nguzo ya kijijini haifiki mita 15. Kwa hesabu hiyo ndege na waya zisingekutana kamwe. Lakini kanuni hiyo ina kishazi kidogo kinachotangulia: isipokuwa inapobidi kwa ajili ya kupaa au kutua. Walimu wa lugha wanajua kwamba neno "isipokuwa" laweza kubeba uzito kuliko sentensi nzima iliyobaki. Hakuna ndege isiyopaa, wala hakuna isiyotua. Hatari yote tunayoizungumzia imejificha ndani ya "isipokuwa" hiyo, na huko ndiko tunakopaswa kuitafuta, yaani kwenye ncha za viwanja. Wapo pia wale ambao kazi yao yenyewe ni ya chini: wanyunyizaji wa dawa ya nzige, wahesabuji wa wanyama pori na waokoaji wanaomtafuta aliyezama ziwani.

Kwa ncha za viwanja kuna kipimo ambacho mwalimu wa hesabu aweza kukitumia darasani kesho. Kwa viwanja vifupi kabisa, viwango vya kimataifa huanza kupima mita 30 kutoka mwisho wa njia ya ndege, na kutoka hapo, kwa kila mita 20 za kwenda mbele, kizuizi kiruhusiwe kupanda mita 1 tu. Nguzo ya mita 12 basi yahitaji kuwa mita 240 mbele ya hapo, jumla mita 270 kutoka mwisho wa njia, na hapo ni kwa ardhi tambarare. Ongeza kwamba Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na mchana wa joto huzidi kuwa nyepesi. Ndege ileile yenye mzigo uleule hukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa, kisha hupanda polepole zaidi. Mita 270 huwa chache.

Hata hivyo, viwanja rasmi vya ndege si vingi, na vyaweza kukaguliwa. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni viwanja visivyoitwa viwanja, yaani nyuga za shule zetu.

Kati ya mwaka 2013 na 2016 serikali iliunganisha umeme kwa shule za msingi za umma zaidi ya 20,000, nyingine kwa nishati ya jua, ili watoto wapate kutumia vipakatalishi. Ilikuwa kazi kubwa na ya kusifiwa. Katika miaka iyo hiyo helikopta imekuwa gari la mwanasiasa wa Kenya. Mazishi, harambee, mikutano ya kampeni, kote huko mheshimiwa hushuka kutoka angani. Hushuka wapi? Panapo nafasi tupu na tambarare katika kijiji, na mara nyingi nafasi hiyo ni uwanja wa kandanda wa shule ya msingi. Hivyo mipango miwili isiyojuana imekutana mahali pamoja: mmoja umevuta waya mpaka ukingoni mwa uwanja, mwingine umeteremsha helikopta katikati yake.

Juni 2021 helikopta iliyokuwa imemleta hayati Raila Odinga ilianguka katika Shule ya Msingi ya Kudho, Gem, Kaunti hiyohiyo ya Siaya, muda mfupi baada ya yeye kushuka. Sisemi kwamba nyaya ndizo zilizoiangusha. Nautaja mkasa ule kwa sababu ya mahali ulipotokea. Ulikuwa uwanja wa shule. Na mwaka 2016 huko Bungoma, katika msiba wa mfanyabiashara Jacob Juma, mtu mmoja aliing'ang'ania helikopta ikapaa naye akiwa ananing'inia, na nchi nzima ikacheka. Rubani aliyezungukwa na umati wa namna hiyo hupaa kwa haraka na kwa njia ya mkato, huku vumbi limeufunika uwanja. Huo si wakati wa kutafuta nguzo katikati ya mikaratusi.

Na waya ukikatwa, mkasa hauishii angani. Waya wenye umeme huanguka chini, na chini pana watoto waliokimbilia kuitazama ndege. Zahanati hubaki gizani. Wale wasiopanda ndege maishani mwao ndio watakaoikanyaga hatari hiyo kwa miguu mitupu.

Ningeweza kuishia hapo kama nyaya zote zingekuwa na wenyewe. Lakini upo waya wa aina nyingine. Mnamo 23 Januari 1954 mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway na mkewe Mary walikuwa wakitazama maporomoko ya Murchison nchini Uganda kutoka katika ndege ndogo aina ya Cessna iliyorushwa na Roy Marsh. Rubani alipokuwa akikwepa kundi la ndege wa porini, kwarara, aligonga waya wa telegrafu uliokuwa umetelekezwa, nao wakaanguka msituni. Walisalimika. Walipofikishwa Butiaba, kwenye Ziwa Albert, ndege nyingine waliyopanda ikashika moto, nayo hiyo wakaiponea kwa majeraha. Magazeti ya ulimwengu yalikuwa yamekwisha kuchapisha tanzia za Hemingway. Mwaka uo huo alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi.

Wanafunzi wa fasihi hukisimulia kisa hicho kwa ajili ya Hemingway. Mimi nakisimulia kwa ajili ya waya. Ulikuwa haupeleki ujumbe wowote tena. Haukuwa na mlipaji wala mkaguzi, lakini ulikuwa bado umekazwa. Huku kwetu transfoma ikiibwa au ikiungua, au mradi ukihamishwa, nyaya huweza kubaki juu miaka mingi zikingoja, na hata wanakijiji husahau kama zina stima au hazina. Rubani hagongi umeme, agonga chuma.

Nchi nyingine zimelipia somo hili. Huko Carterton, New Zealand, mwaka 2012, puto la hewa moto liligonga nyaya za umeme na watu 11 wakafa. Huko Lockhart, Texas, mwaka 2016, walikufa 16. Tunaorusha maputo kila alfajiri juu ya Mara tuna haja ya kuyasoma hayo. Nchini Australia uchunguzi wa ndege za kunyunyizia dawa mashambani ulifichua jambo la ajabu: zaidi ya nusu ya marubani waliogonga nyaya walikuwa wakijua tangu mwanzo kwamba waya uko pale. Waliuona, wakaukwepa mara kadhaa, kisha kazi ikawashughulisha wakausahau. Basi kumwambia rubani mara moja hakutoshi. Waya wapaswa kumkumbusha wenyewe kila apitapo.

Njia za kuufanya waya useme zipo, na si ghali. Ya kawaida ni tufe la rangi lining'inialo juu ya waya, lenye kipenyo kisichopungua sentimita 60, la machungwa, au mekundu na meupe yakipokezana. Pale mwisho wa kiwanja, mita mia chache za waya zaweza kufukiwa ardhini. Helikopta zaweza kufungwa visu vya kukata nyaya juu na chini ya pua yake, ingawa visu hivyo havifai kitu ikiwa waya umeigonga kutoka ubavuni au nyuma.

Kilicho kigumu ni kuwakutanisha wenye ramani. Kenya Power ina yake. Shirika la kusambaza umeme vijijini, lililokuwa likiitwa REA na likabadilishwa kuwa REREC kwa sheria ya mwaka 2019, lina yake. KETRACO ina ya njia kuu, na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, ina ya anga. Kaunti zina viwanja, na Wizara ya Elimu ina shule. Nina shaka kama ramani hizo zimewahi kutandazwa juu ya meza moja. Kila ofisi ikiulizwa itajibu kwa ukweli kwamba imetimiza wajibu wake, na hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Rafiki yangu mmoja, baada ya kunisikiliza, alinikemea: nyumba ngapi za Uyoma hazijapata hata taa moja, nawe wawalilia wenye helikopta? Nilimjibu kwamba si kila arukaye ni tajiri. Madaktari wa AMREF wamekuwa wakiruka kwenda kuwachukua wagonjwa mashambani tangu mwaka 1957, na mgonjwa anayebebwa kwa machela hadi kwenye ndege hakuchagua kusafiri hivyo. Lakini nakiri kwamba alinipata kidogo. Asiyekuwa na umeme hawezi kuombwa aungoje mpaka ofisi sita zikutane.

Ndiyo maana naona kazi yaweza kuanzia shuleni bila kuingoja Nairobi. Mwalimu mkuu huweza kupigiwa simu asubuhi na kuambiwa kwamba mheshimiwa atashukia uwanjani mwake saa sita. Hana la kujibu ila "karibuni". Lau angekuwa na mchoro wa ukurasa mmoja wa uwanja wake, wenye kuonyesha kaskazini iko wapi, nguzo ziko wapi, waya wapita kutoka wapi hadi wapi, urefu wa miti, na upande wa wazi, angemwambia apigaye simu: mpelekeeni rubani kwanza mchoro huu. Naye angepata pia sababu ya kusema hapana. Gredi ya 8 wanaweza kuuchora kwa kamba, fimbo na kivuli cha nguzo; urefu wa nguzo hupatikana kwa kulinganisha kivuli chake na kivuli cha fimbo, hesabu ambayo tayari wanaifundishwa. Nguzo mpya ikisimikwa, mchoro urekebishwe na tarehe iandikwe.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027, na helikopta hazitangoji kampeni zifunguliwe rasmi. Mchoro wa namna hiyo huchukua vipindi viwili, labda vitatu mvua ikinyesha.